Ngazi tatu za ofisi ya mtaa

Karani wa sensa alifika kwangu Agosti 2022, jioni, kishikwambi mkononi, jua limeshashuka lakini joto bado liko kwenye bati. Binti mdogo, mpole, ananiita mama. Alipofika kwenye maswali ya ulemavu akaanza kuona haya. Akauliza kuona, akauliza kusikia, kisha akatazama magurudumu yangu, akatazama kishikwambi chake, akalisoma harakaharaka lile la kutembea au kupanda ngazi. Nikamwambia mwanangu usione haya, ndiyo kazi uliyotumwa, andika. Akaandika.

Matokeo yalipotoka tukaambiwa tuko asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Yaani katika kila watu tisa, mmoja ni wetu. Niliposikia hiyo namba nikaanza kuhesabu ninaowaona sokoni, kwenye daladala, misibani, kwenye mikutano ya mtaa. Haifiki. Hata robo yake haifiki. Sasa wako wapi? Swali hilo nitalirudia huko chini.

Kwa msionijua: mimi ni fundi cherehani, niko Dar es Salaam, nina miaka 46. Polio iliichukua miguu yangu nikiwa na miaka 3. Nashona sare za shule, magauni ya kitenge, na msimu wa Idi nashona kanzu mpaka macho yanauma. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga, ila nimeifungia mota, kwa hiyo umeme ukikatika nami nimekatika. Hayo yanatosha. Leo sitaki kuandika habari za polio, nataka kuandika habari za ngazi tatu.

Ofisi ya serikali yetu ya mtaa (mtaa siutaji, wanaonijua wanaujua) ilijengwa kwa nguvu za wananchi, na kwa kuwa kwetu masika maji hujaa, fundi aliinua msingi. Hapo hana kosa. Akaweka ngazi tatu za zege mbele ya mlango, akalipwa, akaenda zake. Kwa mwenye miguu ngazi tatu si kitu. Waulize watu wa mtaani kwetu ofisi yao ina ngazi ngapi, watakukodolea macho.

Lakini mtu wa Dar huwezi kuishi bila muhuri wa mtaa. Unataka kitambulisho cha taifa, barua ya mtaa. Unafungua akaunti benki, barua ya mtaa. Kijana wako amekamatwa unakwenda kumwekea dhamana, barua ya mtaa. Hata ukitaka kufunga turubai barabarani kwa shughuli ya binti yako, unaanzia pale. Kwa miaka 14 mimi nilikuwa mtu wa chini ya ngazi. Nafika, napiga hodi kutoka barabarani, na mtendaji akipata nafasi anashuka na muhuri mkononi, ananigongea barua juu ya paja langu. Alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu.

Kasoro siku moja tu. Nilikuwa na shauri langu la ndoa. Mwenyekiti wa wakati huo akashuka, akaletewa kiti, na sisi tukasuluhishwa palepale kando ya barabara, foleni ya watu wa barua ikisikiliza mume wangu alikuwa akilala wapi. Wenzangu wenye ndoa mbovu husikilizwa ndani, mlango umefungwa. Usiku ule nililia, na si kwa ajili ya yule mwanamume.

Basi. Novemba 27, 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, nilikuwa mmoja wa wagombea wa ujumbe wa kamati ya mtaa, kundi la wanawake. Kampeni yangu ilikuwa fupi. Niliwaambia wanawake wenzangu kwamba mimi nguo zao nimezishona miaka yote, nani analia nani anacheka nawajua, nipeni kura. Nikapita.

Kikao cha kwanza vijana wawili wakanibeba. Nia yao njema, wakaniambia, "Mama usijali, wewe mwepesi." Mmoja kashika mbele, mwingine mgongo wa kiti, wakahesabu moja mbili tatu, na kwenye ngazi ya pili kanga yangu ikafunguka. Kikao kizima nilikaa nimeikamata kanga kwa mkono wa kushoto. Ajenda za siku ile mpaka leo sizikumbuki.

Kikao cha pili nikawaambia sibebwi. Nitakaa nje, dirisha liacheni wazi, nitachangia nikiwa hapahapa. Na nikachangia kweli. Msingi wenyewe umeinuliwa, kwa hiyo dirisha liko juu ya kichwa changu. Ndani wanasikia sauti tu inatoka chini kama ya redio ya jirani. Mwenyekiti aliposema wanaoafiki wanyooshe mkono, wakauona mkono wangu. Uso hawakuuona.

Nadhani ule mkono ndio uliomchoma mwenyekiti. Kikao cha tatu kikahamia chini ya mkungu ulio upande wa pili wa kiwanja, tukaazima mabenchi shule ya jirani. Haikugharimu senti. Na likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga: watu waliongezeka. Wakaja wazee wawili ambao sijawahi kuwaona kwenye mkutano wowote, akaja mama lishe wa kona na sufuria zake, wakaja vijana wa kijiweni. Hawana ulemavu hao. Walikuwa wanauogopa mlango tu.

Hapa wengi wangemalizia hadithi. Mkungu, kivuli, wananchi, makofi. Lakini masika yakaja, na chini ya mkungu maji yakafika kwenye kifundo cha mguu cha mwenyekiti. Ikabidi turudi ndani.

Siku moja natoka Kariakoo kuchukua vitambaa, nafika kituoni kwetu, nasukuma kiti mpaka ofisini, nakuta mteremko umejengwa. Zege bichi, limemwagiwa maji, limezungushiwa matawi ya mwarobaini lisikanyagwe na mbuzi. Mwenyekiti amesimama pembeni anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Fundi, umeuona?" Nimeuona mwenyekiti, ahsante sana. Moyoni nilishajua. Mtu anayekata nguo kila siku jicho lake ni futi.

Tulisubiri siku saba zege lishike. Siku ya kuupanda watu walijaa kama kuna mpira. Nikavuta pumzi, nikasukuma, nikafika katikati, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, nikaona mbingu. Kinyozi wa mtaani kwetu ndiye aliyenidaka. Jioni ile watoto wakauteka mteremko, wanapanda na maboksi na kuteleza mpaka magharibi, na kwa kazi hiyo ulifaa kweli.

Hapo ndipo nilipotoa futi kamba yangu mbele ya kamati. Nikapima ngazi moja moja. Sentimita 17, 17, 17. Jumla 51. Halafu nikapima mteremko waliojenga: sentimita 150. Kanuni ya mteremko wa kiti mwendo inayofuatwa nchi nyingi ni moja kwa kumi na mbili, ukipanda juu sentimita moja unakwenda mbele sentimita 12. Mara 51, unapata 612. Zaidi ya mita sita. Wao walijenga moja na nusu.

Fundi ujenzi akacheka. "Mama, mita sita tutaingia mtaroni. Kutoka mlangoni mpaka mtaro ni mita nne."

Nikamwambia fundi mwenzangu, kitambaa kikiwa kifupi hatukitupi, tunageuza mkato. Tukaukunja mteremko. Unaanzia ubavuni mwa jengo, unapanda mdogomdogo sambamba na ukuta, unafika kwenye kona panapokuwa na sakafu bapa ya mita moja na nusu kila upande, hapo unageuza kiti na kupumzisha mikono, kisha unapanda kipande cha pili kuelekea mlangoni. Mlangoni napo sakafu bapa, maana huwezi kufungua mlango huku kiti kinarudi nyuma. Upana sentimita 120. Kandoni kingo ya sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke, na bomba la kushikilia upande wa nje, ambalo wanaolitumia zaidi ni wazee wa miguu miwili. Uso wa zege ulipitishwa fagio la chelewa kabla haujakauka, ukawa na mikwaruzo, usiteleze mvua ikinyesha.

Ulikula mifuko 11 ya sementi, kirikuu moja ya mchanga, kokoto kidogo, na kifusi tulichokiokota bure kwenye nyumba iliyobomolewa. Ule wa kwanza ulikula mifuko mitano, na kuuvunja kukala siku mbili za vibarua. Hiyo mifuko mitano ndiyo inayoniuma. Futi kamba ninayo shingoni tangu asubuhi mpaka usiku, na mwenyekiti hupita mbele ya cherehani yangu kila siku akienda kununua vocha.

Sasa nije kwa yule kinyozi aliyenidaka. Ni kiziwi tangu utotoni, kijana wa miaka 30 hivi, ananyoa vizuri kuliko wote mtaani, na wateja wake humwonyesha picha kwenye simu. Kwetu matangazo ya mtaa hupitishwa na bajaji yenye kipaza sauti. Maji yatakatika, bajaji. Chanjo ya watoto, bajaji. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu watoke kufanya usafi, bajaji. Jumamosi moja kinyozi akafungua duka lake saa mbili asubuhi kama kawaida, wakaja wa usafi wakamwandikia faini kwa kutotoka. Akalipa. Mwezi uliofuata akaandikiwa tena. Hakuwa mkaidi. Hakuna mtu aliyemwambia.

Nililipeleka hilo kwenye kamati likatatuliwa kwa dakika tano: kila tangazo liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa pale dukani kwake, na litumwe kwenye kundi la simu. Siku hizi wasiosikia vizuri kwa uzee nao huenda kusoma kwa kinyozi, na nadhani biashara imemkubali.

Lakini kubwa lilikuwa mkutano mkuu wa mtaa. Tukampata mkalimani wa lugha ya alama kupitia chama cha viziwi. Tukamlipia nauli na chakula, kazi yenyewe akatusamehe, na hapo nasema wazi si haki, mkalimani naye ana watoto, halmashauri ingepaswa kuwa na fungu lake kama inavyokuwa na fungu la chai. Kinyozi akakaa mbele. Wakati wa maswali akanyanyua mkono. Miaka yote hiyo hatujawahi kujua anafikiri nini kuhusu mtaa wetu. Mkalimani akamtazama mikono, akasema kwa sauti: anaomba taa ya barabarani pale kwenye njia panda. Watu wakatikisa kichwa, ndiyo, vibaka. Kinyozi akakataa kwa mkono. Mkalimani akaendelea: si vibaka, anasema yeye na wenzake hukutana pale jioni baada ya kazi, na giza likiingia hawawezi kuongea, mikono haionekani.

Mkutano ulikaa kimya kidogo. Mimi nina ulemavu miaka 43 na hilo halikuwahi kupita kichwani mwangu.

Nalisema kwa makusudi, kwa sababu kuna kosa ambalo hata mimi nililifanya nilipoingia kamati. Nilidhani nikiwapo mimi, watu wenye ulemavu wote wamewakilishwa. Si kweli. Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa kandoni mwa barabara hapa Dar, nilisikitika kwa ajili yao, wengine ni wateja wangu, lakini sitawadanganya, kwa mara ya kwanza nilipita njia ya waenda kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kushuka barabarani. Nikamhadithia mzee mmoja jirani yetu asiyeona, nikidhani tutafurahi pamoja. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umefunguliwa njia, mimi nimefungiwa." Alikuwa akihesabu njia kwa masikio na pua. Muuza kaseti, hapo nusu. Mkaanga mihogo, hapo kuna shimo. Mashine ya juisi ya miwa, hapo vuka. Kwa wiki moja vyote vikaondoka na yeye akapotea mtaani alikokaa miaka 30. Mpaka leo sijui jibu la kumridhisha yeye na mimi kwa pamoja. Labda kingo ya zege ambayo fimbo yake nyeupe inaweza kuifuata, labda njia pana kiasi kwamba meza zikae upande mmoja na sisi tupite mwingine. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyetukalisha wote wawili kwenye benchi moja na kutuuliza.

Kuhusu barabara nina kidonda kingine. Mtaa wetu ulipopata lami tulishangilia. Kwa kweli lami ni nzuri, tairi zangu za mbele ni ndogo, mchangani zilikuwa zinazama kama jembe. Lakini lami ikaja na mitaro pande zote mbili, kina chake karibu mita moja, na vivuko vikawekwa kwenye nyumba zenye mageti ya magari. Mimi geti sina. Siku mkandarasi alipomaliza kipande chetu nikaamka nyumba yangu ni kisiwa. Mbele lami nyeusi inang'aa, katikati korongo. Wanangu wakaweka mbao mbili na mimi nikawa navuka juu yake kama msanii wa sarakasi, chini maji ya sabuni ya majirani.

Nilipouliza nikaambiwa kulikuwa na kikao cha wadau kabla ya ujenzi. Nikaonyeshwa hadi karatasi ya mahudhurio. Kilifanyika wapi? Ukumbini, ghorofa ya pili. Sasa utaniambia mimi si mdau kwa sababu sikuhudhuria? Kivuko changu kilikuja miezi minne baadaye, slabu mbili za zege, saa moja na nusu ya kazi. Zingewekwa siku ileile kama mtu angekuwa na orodha ya nyumba zetu.

Watu wakizungumza habari za jiji na walemavu hukimbilia mabasi. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 niliusifu na bado nausifu kwa jambo moja: sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko usawa mmoja. Huhitaji konda wala mbeba mizigo, unaingia kwa tairi zako kama mtu. Nani alilifikiria hilo, Mungu ambariki. Daladala sijapanda bila kubebwa tangu nizaliwe. Ila basi halijawahi kuwa tatizo langu kubwa. Tatizo langu ni mita 300 kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye hilo basi: mtaro, bodaboda zilizopangwa juu ya njia, shimo la maji taka ambalo mfuniko wake umekwenda kuuzwa chuma chakavu. Hizo mita 300 si za mbali. Ni za hapahapa mtaani, ni za watu ninaowajua kwa majina.

Sheria tunayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni Namba 9 ya mwaka 2010, na inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya mtaa. Inamtaka hata mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi aajiri walau asilimia 3 kutoka kwetu. Pesa nazo zipo kwa maandishi: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Tangu 2018 hilo liko ndani ya sheria, si hisani ya mkurugenzi. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa nchi nzima kwa sababu ya vikundi hewa na pesa zisizorudi, 2024 ikarejea kwa utaratibu mpya.

Kikundi chetu cha ushonaji tulikuwa watu watano. Fomu ilikuwa na kurasa nyingi na mwishoni nafasi ya dole gumba la kila mwanakikundi. Mmoja wetu ni mama aliyeugua ukoma zamani, akapona, lakini vidole havikurudi. Anashika sindano kwa namna yake na pindo lake hulikuti limepinda. Afisa akatazama fomu, akatazama mikono ya yule mama, akasema kwa upole kabisa, "Mama, mfumo hautakubali." Fomu ya mkopo wa watu wenye ulemavu! Tulirudi mara tatu. Mwishowe akapatikana afisa mwingine, mama mtu mzima, akachukua kalamu na kuandika pembeni: hana vidole, nimemtambua kwa sura, akasaini jina lake na tarehe. Mstari mmoja. Kanuni hazikubadilika, ni mtu tu aliyekubali kubeba dhamana. Mkopo tukaupata, tukanunua cherehani mbili na mashine ya kudarizi, na marejesho hatujawahi kuchelewa. Nalisema hili la marejesho kwa sauti kidogo kwa sababu ya wenye vikundi hewa.

Desemba 3 ni siku yetu duniani. Kila mwaka turubai, fulana, muziki, na viti mwendo vinakabidhiwa mbele ya kamera. Sikatai zawadi. Ila vile viti mara nyingi ni vya korido za hospitali, vigurudumu vidogo mbele, vinavyotaka vigae. Vipeleke mchangani kwetu, miezi mitatu imebaki fremu ya kuanikia nguo. Ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kunyonga kwa mikono inafaa zaidi, hata mzigo inabeba. Anayenunua angemuuliza mpokeaji tu, unakaa wapi, njia yako ikoje.

Sasa lile swali la wako wapi. Mwaka jana mimi, mtendaji na mama mmoja wa kamati tulizunguka nyumba kwa nyumba kuandika daftari la watu wenye ulemavu. Lililokuwepo lilikuwa na majina 9. Wiki mbili baadaye lilikuwa na 64. Wako ndani, ndugu zangu. Wako chumba cha uani, wako kwa bibi, wako nyuma ya pazia mgeni akija.

Nyumba moja mama alitusimamisha mlangoni. Nilimjua, nilimshonea gauni la kipaimara la binti yake mkubwa. Sikujua kama ana mtoto mwingine. Akasema, "Mmeshakuja mara tatu. Mara ya kwanza mlipiga picha, ya pili mlipiga picha, ya tatu mlichukua namba ya simu. Mwanangu si picha." Mtendaji akataka kujitetea, nikamgusa mkono anyamaze. Tukakaa kizingitini. Nikamuuliza habari za mashine yake ya kukamua nazi, tukaongea mambo ya bei. Baada ya nusu saa hivi akasema mwenyewe, ana kijana wa miaka 14, mtindio wa ubongo, hajavuka geti tangu awe mzito wa kubebwa. Nikamuuliza, angependa nini. Si msaada gani, nilimuuliza kijana angependa nini. Mama akafikiri sana. Akasema anapenda mpira. Akisikia kelele za uwanjani anacheka mpaka anakohoa.

Uwanja uko nyuma ya nyumba tatu. Sasa hivi kila Jumapili jioni vijana wa timu ya mtaa wanapita na kiti chake, tulikichonga sisi wenyewe na fundi seremala, mgongo mrefu, mkanda wa kifuani, matairi ya baiskeli. Wanamweka kando ya goli. Sitaki kuwaambia maisha yake yamebadilika, sijui. Najua kipa anamlalamikia kwamba anacheka hata tukifungwa.

Mteremko wetu nao haujapona kabisa. Bodaboda wameuona, na mvua ikinyesha wanaupandisha pikipiki zao kujikinga barazani. Nimefika asubuhi moja nikakuta tatu zimepangwa kwenye ile sakafu bapa ya kona. Nikapiga hodi kutoka barabarani kama zamani. Walizitoa mbio, wananiheshimu, lakini wiki iliyofuata zilikuwepo tena. Mwenyekiti anataka kufunga mnyororo. Nimemkatalia, maana huo mnyororo na mimi utanifunga. Tunabishana.

Na juzi Jumanne, nikiwa na nusu ya kanzu kwenye sindano, simu ikalia, namba nisiyoijua. Kijana, ana heshima, akanisalimu shikamoo, akajitambulisha anapiga kutoka ofisi ya kata. Kuna kikao wiki ijayo cha mpango wa soko jipya, na mimi nimealikwa kama mjumbe. Nikawa nimeshafungua mdomo nimwambie kwamba ofisi yenu iko ghorofani. Akaniwahi. Akasema wameamua kikao kifanyike chini, kwenye chumba cha zahanati, ila mlango wake mwembamba, na kabla hawajapanga viti anaomba kujua kiti changu kina upana gani.

Nilizima mota. Nikachukua futi kamba shingoni, nikapima kutoka ukingo hadi ukingo, nikapima tena ili nisikosee.

Sentimita 66, nikamwambia. Na mikono yangu nikisukuma, weka 80.